Takse ya simu imeondoka, na mama anangoja mudogo wangu apige

Admin, tafazali ficha jina langu, juu watu wa huku Mubi wananijua. Niko mwanaume wa miaka 31, niko na bibi na mutoto moja, nauzisha unite, ile vocha ya kupigia simu, na kuchaji watu simu hapa barabarani. Wenye kunitukana munitukane tu, nimestahili. Lakini mukimaliza munipe shauri.

Mama yetu iko mu kambi ya wakimbizi Lushebere, vita ilimukimbiza kwake. Mimi njo nilimuita mudogo wangu Dieumerci atoke kule. Nilimwambia, "Unakaa kungoja unga ya msaada kama muzee? Njoo huku tutafute maisha." Mama hakupenda. Alisema, "Basi umuchunge, huyo iko na haraka sana." Nikamuapia.

Dieumerci akaingia mu mashimo ya madini. Siku moja mvua ilinyesha asubuhi yote, udongo ukawafunika. Tulimutoa mangaribi, maisha yalikuwa yameisha. Tukamuzika kesho yake.

Sasa kwetu habari ya kifo haipelekwe kwa simu. Muntu anafika, anakaa, majirani wanakuja karibu na mama, njo mukubwa mumoja anasema. Nilitaka niende mwenyewe, lakini wakati ule wenye bunduki walikuwa wamekata njia, hata pikipiki hazipite. Mama akapiga: "Namutafuta mudogo wako, simu yake haiite. Yeye iko wapi?"

Wakati ule watu wote walikuwa wanalia takse ya simu, ile kodi ya Serikali. Unatia unite, saa hiyo hiyo zinaliwa, na walisema simu isiyolipa itakatwa. Kinywa changu kikasema chenyewe: "Mama, walikata simu yake juu ya takse. Na yeye iko ndani kabisa ya pori." Niliwaza ni uongo wa siku chache tu, mpaka njia ifunguke.

Mama akaamini. Yeye anasema mimi njo mujuaji wa simu. Kila akipiga ananipa salamu nimupelekee, nami najibu, "Anakusalimia, anakula vizuri." Nilikuwa namusemea marehemu, ndugu zangu, bila haya.

Kisha siku moja unite zikaingia mu simu yangu. Mama alikuwa ameuzisha unga wake wa msaada, akazinunua. "Hizo ni za takse ya Dieumerci," akasema. "Ulipe wamufungulie. Salamu zako zimenichosha, nataka sauti yake." Bibi yangu akasema nizirudishe. Nizirudishe nikisema nini? Niliziuzishia wateja. Nilikula unga wa mama yangu, hivyo hivyo.

Njia ilifunguka. Sikwenda. Nikasema ngoja mvua ipungue, ngoja mutoto apone, ngoja nipate franga za matanga. Yote ni woga. Ninaogopa macho ya mama kuliko risasi.

Juzi redio ikatangaza Serikali imeondoa ile takse. Hapa kwangu watu walifurahi, mwingine akanikumbatia kama ni mimi niliyeiondoa. Mama akapiga siku ile ile, anacheka. Kicheko kile sijakisikia tangu akimbie vita. "Umesikia? Sasa watamufungulia mutoto wangu. Nimechaji simu, naenda nayo hata kuteka maji." Nyuma yake nikasikia akina mama wa kambi wanapiga vigelegele, juu amewaambia wote. Nikasema, "Ndiyo mama." Nikakata, nikalia mbele ya wateja.

Bibi yangu anataka niende sasa, juu wanasema vita inarudi na njia itafungwa tena. Rafiki yangu anasema, "Nenda, lakini useme alikufa wiki hii. Kwa nini umuumize mara mbili?" Shauri hilo lilinipendeza, sitaki kuwadanganya. Lakini mama ataniuliza kama mutoto alijua kwamba alimulipia, na alisema nini. Nitatunga tena maneno ya marehemu?

Kaka na dada, nishaurini, nifanye nini? Munijibu mbio, juu tangu asubuhi mama anapiga na mimi sishike.