Kichwa cha Chui Nyuma ya Jiko

Mimi ni mtu wa kiti. Bamama wa mtaa wetu hapa Baraka wakimwelekeza mgeni husema: pita kwa yule bwana anayekaa, kisha kata kushoto. Kwa hiyo shemeji yangu alipofika kutoka machimbo ya Misisi na ile mashine yao ya kusikia dhahabu ardhini, fimbo ndefu yenye sahani chini, sikwenda kuijaribia mbali. Niliijaribia nyuma ya jiko, hatua ishirini kutoka kitini.

"Mukuye kuona!" mke wangu akawaita majirani. "Leo bwana yangu anasafiri!"

Mashine ilikuwa imeshalilia msumari na kifuniko cha sardini, basi ilipolia tena kando ya jiwe la kuoshea vyombo nilichimba bila tamaa. Mkono wangu ulizama mpaka kiwiko ndipo nikatoa kitu cha manjano, kipana kama kizibo cha bidoni ya maji, nyuma kina pini iliyoliwa na kutu na mikwaruzo midogo.

Mtu wa kwingine angekiangalia kwanza. Sisi wa Fizi, kitu kikiwa cha manjano, tunakipima. Shemeji alitoa kichupa chake cha asidi, akakigeuza upande wa nyuma, "ili tusiharibu uso," akadondosha. Povu la kijani likapanda.

"Shaba," akasema.

"Nilijua," nikasema. Sikuwa nimejua.

Nilipokiosha ndipo nikaona kichwa cha chui. Wakati wa Zaire, askari walimvaa chui huyo kofiani, na baba yangu alikuwa askari. Vita iliyoangusha Zaire ilipokaribia nilikuwa na miaka minane. Mama alitukimbiza mpaka kijiji cha Swima, baba tukamwacha mlangoni, amevaa sare. Tuliporudi, nyumba hii hii ilikuwa wazi na yeye hayumo. Hatukuletewa mwili wala habari. Mama alisema siku zote kwamba amekufa vitani, lakini matanga bila mwili alikataa. Mwaka huu ndio amekubali. Siku ya mashine ilikuwa Jumanne. Matanga yalipangwa Jumamosi.

Nikakitia mfukoni, nikaenda kwa mzee mmoja, askari wa zamani anayeshona viatu karibu na soko. Ni mwendo wa dakika kumi. Nilipumzika mara mbili.

"Ni ya kofia," akasema. "Ni ya kwetu. Uliiokota wapi?"

"Nyuma ya jiko, papa. Chini sana."

Akaweka sindano. "Haikuanguka, basi. Kitu cha kuanguka kinabakia juu. Hii walizika. Ile siku wengi tulivua yote, tukaomba nguo za raia kwa majirani. Mi nilipewa kitenge, nikakimbia kama mama muzima!" Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Mwenye hii hakuenda kupigana, mwanangu. Alienda tu."

"Ni ya baba yangu?"

"Tulikuwa tunakwaruza matrikule nyuma, kila muntu namba yake, sababu kofia zilikuwa zinaibiwa. Ona: sita, moja, nne, kundi letu lote linaanza hivi..." Akaisogeza kwenye mwanga. "Hapa nani amekula?"

"Asidi."

"Asidi! Muntu iko na baba yake mukononi, anamupima kama zahabu!"

Akacheka, nami nikacheka naye. Sijui kwa nini.

Mama nilimkuta akichambua maharagwe ya Jumamosi. Nikamwekea alama ile ya kofia kiganjani, nikamweleza yote. Alitaja namba nane mfululizo, bila kuvuta pumzi. Zamani wake za askari walipopanga mstari kuchukua posho, asiyejua matrikule ya bwana yake alirudi na kikapu kitupu.

Tatu za kwanza zilikuwa zenyewe: sita, moja, nne.

"Lakini yule mzee anasema kundi lao lote linaanza hivyo," nikasema. "Na askari wengi walipita humu tukiwa Swima."

"Na zile tano?"

"Zimeliwa na asidi, mama. Tuliipima."

Aliniangalia kama sahani iliyovunjika. "Tangu utoto we unakaa tu. Siku moja umesimama, ndiyo hii?"

Kisha akaomba nimwonyeshe shimo. Alisimama pale jiweni. "Hapa nimemwaga maji ya vyombo miaka hii yote," akasema, akaniagiza nilifukie. Alama alibaki nayo, ameifunga kwenye pindo la kitenge.

Ijumaa mchungaji alikuja kuandika maneno atakayosoma. Akauliza marehemu alifia wapi. Tulingoja tusikie "vitani," neno tuliloishi nalo tangu utoto.

"Andika alitoka nyumbani," mama akasema.

"Mama, hiyo haitoshi. Watu watauliza."

"Waulize. Andika."

Jumamosi mchungaji akasoma hivyo. Watu walilia, kisha wakala. Mimi nilipewa kazi ya viti, na mke wangu akawaambia wote kwamba safari hii familia imechagua fundi mwenyewe. Nilipanga, nikahesabu, nikakaa kwenye kile cha mwisho. Machozi niliyangoja kama mtu anayengoja zamu bombani, hayakufika.

Mama pia hakulia. Alikaa mbele, kitambaa cheupe kichwani, akipokea mikono ya watu. Lakini kila pikipiki ilipopunguza mwendo barabarani, aligeuza shingo kutazama nani anashuka.