Betri ya Kwenda Nayo Jilore

Kilichonitoa Shella, mtaa wetu wa Malindi, kwenda Kilifi mwaka ule kilikuwa mawingu. Nilikuwa nikifanya kazi katika maabara ya zahanati moja ndogo pale Malindi, na mara mbili kwa mwezi tulikwenda Jilore kupima wagonjwa chini ya banda la makuti karibu na soko. Hadubini yetu haikuwa na taa. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo ambacho ulikigeuza kulielekea jua, nao mwanga ukapanda, ukapenya katika tone la damu, ukafika jichoni mwako. Jua likiwapo, kazi ilikwenda. Masika yakiingia na mbingu kutanda, nilichokiona humo ni weusi kama wa chai ya rangi.

Masika ya mwaka uliotangulia tulifanya tulivyoweza. Tulizichukua damu tukarudi nazo Malindi kwenye umeme, tukazisoma, tukapeleka majibu safari iliyofuata. Nyumba moja tulifika na jibu mkononi tukakuta watu wamekaa matanga. Sista Mutheu, muuguzi mkuu wetu, mwanamke wa Machakos asiyependa maneno mengi, hakuisahau nyumba ile. Mwaka ule mawingu yalipoanza kukusanyika akanijia maabarani.

"Zainabu, tutafute mwanga wa kubeba. Tochi tumeijaribu, inafifia kabla foleni haijafika nusu. Nenda ununue kitu, ama utengenezewe. Lakini uje nacho kabla ya safari."

Basi nikaifunga hadubini kwa kanga mbili, nikaitia kikapuni, nikapanda basi la asubuhi.

Njia ya Malindi hadi Kilifi wengi mnaijua. Baada ya Gede msitu unakufuata upande wa kulia, kisha mashamba ya mkonge, mistari yake ikifunguka na kujifunga kadiri basi lendavyo. Mimi siku hiyo sikuangalia sana nje. Nilikuwa nimelipakata kapu langu kama mtoto mchanga, nikiwaza swali moja: kitu cha dukani na kitu cha kuundwa, kipi cha kuaminiwa mahali pasipo na umeme?

Kilifi sikushuka kukaa. Wakati ule daraja halikuwapo, ilikuwa ni feri, na duka nililoelekezwa lilikuwa ng'ambo, Mnarani. Lilikuwa likiuza vifaa vya mashua za wavuvi wa kujifurahisha: kamba za nailoni, ndoano kubwa kama kidole gumba, rangi za kuzuia chaza. Mwenye duka, Bwana Nassor, alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Nilipomweleza haja yangu aliinama chini ya meza akatoa kitu cheusi, ukubwa wa tofali, chenye mpini na tundu la kuchomekea waya.

"Hii ni betri ya kubeba," akasema, akaipindua juu chini. Nilirudi nyuma nikidhani asidi itamwagika. Akacheka kidogo. "Haimwagiki, binti. Asidi yake imegandishwa humu ndani, kama uji wa jana."

Kwa kweli niliipenda. Nilizichunguza pande zake zote nikatafuta mahali pa kufungulia, sikupaona.

"Inachajiwa vipi?" nikamuuliza.

"Kwa chombo chake hiki hapa, kwa umeme wa ukutani."

"Na kwa betri ya gari?"

"Kwa hii, hapana. Utaiua."

"Ikinifia Jilore?"

"Utaniletea mimi, nami nitaipeleka Mombasa."

"Na Mombasa wataifanyaje?"

Akaiweka mezani, akaifuta vumbi ambalo sikuliona. "Mombasa watakuuzia nyingine. Nikwambie ukweli, maana ni kazi ya wagonjwa. Mwenye mashua hazimfiki shida, akirudi bandarini mimi nipo. Wewe uendako hakuna mimi. Kama una fundi wako, muulize kwanza. Hii haitakimbia."

Sikuwa nimewahi kuona muuza duka akirudisha bidhaa chini ya meza mwenyewe. Nikamshukuru, nikavuka tena.

Adhuhuri nilikuwa Kilifi mjini, nyumbani kwa Mjomba Athman, kaka yake mama. Kazi yake ni kutengeneza redio, na chumba chake cha mbele kilikuwa kimejaa redio zilizofunuliwa matumbo. Nilifika nikiwa na hakika kwamba atafurahi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na huyo uliyemvisha kanga ni nani?"

Nikaitoa hadubini, nikamweleza habari yote, na ya Bwana Nassor pia. Alinisikiliza akiwa ameshika bisibisi, halafu akasema, "Rudi kanunue."

"Mjomba?"

"Vitu nitengenezavyo mimi hukaa juu ya meza, na mtu huvifunika kitambaa. Chako kitapanda Landrova. Nitakuundia kwa kitu gani? Kwa betri ya pikipiki. Ndani mna maji ya asidi. Njia ile itayarusha." Akakunja mkono wa shati akanionyesha kovu refu, jeupe, lililotoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. "Hili nililipata nikiwa nimesimama tuli."

Basi nilikuwa na muuzaji asiyetaka kuniuzia na fundi asiyetaka kuniundia, na kila mmoja alijua aibu ya mali yake kuliko mimi. Kisha nikamweleza habari ya lile jibu tulilolipeleka matangani. Mjomba aliweka bisibisi chini.

"Tusogeze hizi redio," akasema.

Kazi ilianza baada ya chakula ikamalizika kesho yake alasiri. Betri ilikuwa ya pikipiki, mpya. Sanduku lilikuwa la mbao, na ndani alilipaka lami aitumiayo jirani yake kuziba mashua, kwa kuwa asidi haiiwezi lami. Chini ya betri alimwaga magadi, yale yale ya kulainishia kunde, tabaka nene. Nikamuuliza ni ya nini. Akatia tone la asidi katika kisahani cha magadi, likachemka povu, likatulia. "Makali yameisha," akasema. Mkaza mjomba, mkewe, alisimama mlangoni akitazama magadi yake yakienda, akasema kunde za wiki hiyo tutazitafuna kwa meno yetu.

Taa ndiyo iliyotusumbua. Mjomba alikuwa na balbu nzuri ya redio kubwa, lakini akaitupa pembeni akachukua ya taa ya nyuma ya gari. "Hii nzuri ikifa utaipata wapi? Chukua ile ambayo kila gari linayo." Tukaiweka ndani ya kopo lililotobolewa, nikachungulia katika hadubini. Nikaona uzi wa balbu yenyewe ukiwaka katikati ya damu kama mnyoo wa moto, na kila kitu kimekuwa njano. Kwa mwanga huo sikuweza kutofautisha rangi za dawa tuipakayo damu ili wadudu waonekane. Tulijaribu karatasi, ikaungua. Tukajaribu kitambaa, giza likarudi. Mkaza mjomba akaniuliza nataka nini hasa. Nikamwambia nataka mwanga mweupe, uliotawanyika. Akaenda uani akarudi na buluu ya kufulia.

"Nguo zikiwa njano tunazifanyaje?" akauliza.

Tukaipaka nyembamba juu ya kipande cha kioo, ikakauka, tukaiweka mbele ya kopo. Nilipochungulia tena, chembe za damu zilikaa mahali pake, za waridi, duara moja moja, kama zilivyokuwa kwenye jua. Nilikaa nikizitazama hata Mjomba akaniambia nimwachie naye aone.

Siku iliyofuata nilirudi Malindi sanduku likiwa katikati ya miguu yangu. Lilikuwa zito. Kutoka stendi hadi zahanati nilipumzika njiani mara nyingi kuliko nilivyotaka watu wa Shella waone.

Asubuhi ya safari ya Jilore mvua ilikuwa inanyesha. Charo, dereva wetu, Mgiriama wa huko huko, aliupita mji wa Ganda polepole, lakini mbele yake njia ilikuwa imechimbika. Gari likazama upande mmoja, likaruka, nasi tukasikia chini ya kiti changu sauti kama ya samaki anayetiwa kikaangoni.

"Bi Zainabu," akasema Charo bila kugeuka, "hilo sanduku linapika nini?"

Tulisimama, nikafungua. Maji ya betri yalikuwa yamerushwa, na magadi yalikuwa yakiyala, povu limejaa. Matone machache yalipita kwenye tundu la waya yakanipata kanga; baadaye nilipoikunjua ilikuwa na vitundu kama ya mtu aliyelala karibu na moto. Mguu wangu ulipona. Mjomba alisema kweli, na magadi yake pia yalisema kweli.

Jilore tulikuta watu wamejaa bandani, wengine wamejifunika magunia kwa baridi. Mbingu ilikuwa nzito kama ile ya mwaka uliotangulia. Nikaweka sanduku juu ya benchi, nikaunganisha waya, na kioo cha buluu kikawaka. Wazee wawili walisogea kuangalia mwanga usiomulika chochote isipokuwa tundu moja dogo. Nikaanza kazi. Malaria, malaria, hakuna, malaria. Sista Mutheu alikuwa akitoa dawa papo hapo, mgonjwa akiwa bado amesimama mbele yake.

Kabla ya mchana aliletwa mwanamke kijana jina lake Sidi, mjamzito wa miezi mingi, ameshikiliwa na mama mkwe wake.

"Huyu tumempa dawa za malaria mara mbili," mama mkwe akasema. "Homa inatoka, anakaa vizuri, analima. Halafu inarudi kumpiga. Sasa hata maji hayataki."

Nilitoa damu, nikaipaka rangi, nikaiweka chini ya lenzi. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuisoma taa ikazimika. Niligusa waya, zilikuwa sawa. Nikachomoa balbu, nikaitikisa sikioni. Ule uzi wake ulikuwa umekatika, ukigonga kioo. Mirusho ya njiani iliuchosha.

"Charo," nikaita, "nipe taa ya nyuma ya gari."

Hakuniuliza. Alifungua skrubu kwa sarafu kwenye mvua, akaniletea balbu akiikausha kwa shati. "Askari akitusimamisha," akasema, "nitamwambia taa yetu iko kazini."

Ilipowaka niliona kwa nini dawa za malaria hazikumsaidia. Katikati ya chembe za damu palikuwa na nyuzi nyembamba, zimejisokota kama springi za saa, nyingi. Nilizitazama, nikaondoa jicho, nikarudi tena. Kisha nikamwita Sista Mutheu.

"Homa ya papasi," akasema.

Papasi ni yule kupe wa nyumbani, aishiye katika nyufa za sakafu ya udongo na kutoka kuuma watu usingizini. Dawa yake ni nyingine kabisa, na mjamzito akichelewa nayo, mara nyingi huondoka yeye au kiumbe chake. Sista alimchoma sindano palepale, akaeleza kwamba homa itapanda kwanza kabla ya kushuka, na kwamba lazima alazwe Malindi chini ya macho ya daktari.

Kurudi ndiko nilikomkumbuka Bwana Nassor. Sidi alilazwa nyuma ya gari akitetemeka hadi mbao za kiti zikalia, mama mkwe amemkumbatia, na hapakuwa na mahali salama pa kuweka sanduku langu la asidi. Betri ya Bwana Nassor ningeisukuma chini ya kiti, hata kichwa chini. Yangu niliishika kwa mikono miwili kati ya magoti mbele, wima, kutoka Jilore hadi hospitali ya Malindi. Vidole vilikataa kukunjuka nilipoiweka chini. Sidi aliamka kesho yake akaomba uji.

Watu huniuliza mpaka leo, kununua na kuunda, bora kipi? Mimi huwauliza kikizimika watakuwa wapi, na nani aliye karibu anayeweza kukiwasha. Kama jibu ni duka, wanunue, nami nitawaonea wivu mabega yao yasiyochoka. Kama jibu ni wao wenyewe, basi wakae na fundi wao mpaka wakijue kitu chao kinavyougua.

Tuliporudi Jilore baada ya masika kutulia, Sidi alikuja kwa miguu yake, mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa ameichimbua sakafu yote ya nyumba na kuishindilia upya. Nilimpima damu, nikaisoma, naye akaniuliza kama na yeye anaweza kuwaona wale wadudu waliotaka kumuua. Nikampisha kitini. Alifunika jicho moja kwa kiganja, akainama juu ya hadubini kwa muda mrefu, mtoto akivuta kitambaa chake cha kichwa.

"Sioni kitu," akasema.

"Tazama vizuri."

Akatazama vizuri. "Hakuna kitu, dada. Ni vidoa tu vya waridi."

"Ndilo jibu lako hilo," nikamwambia.