Injini Isiyotakiwa Kugonga

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana ya Kambarage, Shinyanga mjini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati kazi ilikuwa inaanza saa mbili. Nilikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo, ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani, na maswali thelathini niliyoyaandika ili nisionekane mjinga. Fundi Mkuu alinikuta nimesimama getini. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba," akanipa boliti yenye kutu.

"Hii ni ya spana namba ngapi?"

Niliigeuzageuza mpaka mafundi wengine wakaanza kucheka. Nikasema inaweza kuwa kumi na tatu, lakini pia inaweza kuwa nusu inchi, inategemea ilitengenezwa nchi gani, na bila kupima nisingependa kusema.

"Kumi na tatu inaingia," alisema Fundi Mkuu.

"Inaingia, baba, lakini inacheza. Itakula kona za boliti."

Alinitazama kidogo. "Haya, Injinia. Chukua ufagio."

Kumbukumbu za kazi kwa kawaida huandikwa na waliostaafu. Aliyestaafu hapa ni Fundi Mkuu huyo, Baba Shija, na amekataa kuandika. Anasema mkono wake umezoea spana. Basi naandika mimi, Minza, niliyefanya kazi chini yake miaka yake minne ya mwisho, kwa ajili yenu mnaomaliza vyuo na kuja kuuliza nafasi.

Baada ya miezi mitatu ya ufagio alinipeleka Mwakitolyo, kwenye karasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Karasha za huko zilikuwa zikizungushwa na injini za dizeli, na vumbi lake ni jeupe, laini kama unga, na linakula chuma. Msimamizi wa karasha alinipokea mbele ya wachimbaji wote. "Huyu ndiye injinia? Mama, cheti chako kinasaga mifuko mingapi kwa siku?" Nilikaa huko mwaka mzima. Nilijifunza kwamba kichujio cha hewa hupigwapigwa kila jioni, hata kama mvua imenyesha, na kwamba injini inayosaga mawe haizimwi ghafla. Inaachwa iungurume taratibu kwanza ipoe.

Zaidi ya yote nilijifunza kusikiliza. Fundi Mkuu alikuwa akija kila Alhamisi na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Aliweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. "Dizeli inagonga," alinifundisha. "Inagonga kama mtu anayetwanga. Ikigonga sawasawa, ina nguvu. Ikinyamaza, ndipo uogope." Alifanya kazi hiyo miaka arobaini na hakuwahi kukosea. Wamiliki wa mashine walikuwa wakimpigia simu, wanaiweka simu karibu na injini, naye anawaambia silinda ipi ina tatizo.

Gari la Mama Kulwa lilikuja mwaka wangu wa nne. Mama Kulwa ni mnunuzi wa dhahabu, mama wa mapacha, mjane. Marehemu mume wake alilinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao: gari la Kimarekani la zamani, milango miwili, boneti ndefu kama jeneza, usukani kushoto, injini ya petroli yenye silinda nane zilizopangwa nne kwa nne. Lilikuwa limelala bandani miaka mingi. Marehemu alikuwa akiwaambia watu kwamba siku moja ataliwekea turbo na kulipeleka kwao Ushirombo, na watu walikuwa wakimcheka.

"Baba Shija, nataka alichokitaka yeye," alisema Mama Kulwa. "Turbo, na Ushirombo. Siyo kwa kuvutwa na kamba."

"Mama, injini hii ikivunjika hakuna nyingine. Si Shinyanga, si Geita, si Mwanza."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Fundi Mkuu alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa mwaka anastaafu. Mji mzima ulijua kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Wengine walikuja kuangalia tu, wakiegemea ukuta, na mmoja akasema, "Baba Shija, ikipasuka hiyo, watasahau zote ulizoponya." Alicheka. Lakini tangu siku hiyo alikuwa anafunga geti.

Turbo, kwa asiyejua, ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza. Ya pili inavuta hewa ya nje na kuisukuma ndani ya silinda kwa nguvu. Hewa nyingi na mafuta mengi ni nguvu nyingi. Yetu tuliitoa kwenye lori lililoanguka. Nilipelekwa Bugarama wiki mbili, kwenye karakana ya kukereza vyuma, kuisafisha, kupima mhimili, na kutengenezewa mabomba mazito ya kukusanya moshi. Mkuu wa karakana ile alikuwa mtu mkavu. Kila nilipofungua mdomo na kusema "nadhani", aliweka kalamu chini na kusubiri. Siku ya tatu nikaanza kwenda na vipimo.

Miezi miwili tulijenga. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo lazima literemke tu, lisiinuke hata kidogo, la sivyo oili inajaa na kuvuja. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilibidi izibwe kila tundu la kuvujisha hewa, kwa sababu sasa hewa ingeingia kwa kusukumwa. Mbele ya rejeta tuliweka kipoozeo cha hewa cha lori, tukakikata kikaingia. Kuna pia kilango chenye springi kinachoachia moshi upite pembeni msukumo ukizidi. Fundi Mkuu aliweka springi ngumu, nami nikasema ni ngumu mno, akasema lori lile lilibeba tani thelathini na springi hiyohiyo. Sikuwa na hakika. Niliandika kurasa tatu za mahesabu na sikumwonyesha mtu.

Siku ya majaribio tulitoka saa nne asubuhi kwenye lami iliyonyooka nje ya mji. Fundi Mkuu aliendesha, mimi pembeni nikishika geji ya msukumo wa hewa, Mama Kulwa nyuma na mkoba wake mapajani. Mwanzo gari lilikwenda kama gari lolote. Halafu alikanyaga. Turbo ikaanza kupiga filimbi, mshale wa geji ukapanda, na nikasukumwa kwenye kiti.

Na chini ya filimbi ile nikasikia kitu. Mlio mkavu, wa haraka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo.

Fundi Mkuu akatabasamu. "Mnasikia inavyogonga? Imeamka!" Akazidisha.

Ninachokumbuka kwa aibu ni kwamba na mimi nilifurahi. Sikio langu lilikuwa limefundishwa Mwakitolyo, na Mwakitolyo mlio huo ni afya. Kisha nikakumbuka hili si dizeli. Kwenye petroli, kugonga ni mafuta yanayolipuka kabla ya wakati na kuipiga pistoni kama nyundo. Lakini nilikuwa nimelisoma tu, sikuwahi kulisikia. Huenda ni valvu. Huenda ni bomba la eksozi linagusa chasisi. Huenda nakosea mbele ya mteja, na mzee ananidharau mpaka anastaafu. Nilihesabu sababu tano za kunyamaza, na mlio ukiendelea.

"Baba, achia mafuta."

"Subiri, bado haijamaliza."

"Baba Shija, achia! Sasa hivi!"

Sikuwa nimewahi kumpigia kelele mtu mzima kabla ya hapo. Akaachia. Gari likasimama pembeni, na kwa muda tukasikia injini ikinguruma taratibu na mbuzi wakilia ng'ambo ya barabara.

"Miaka arobaini nasikiliza injini, Minza," alisema bila kunitazama.

"Umesikiliza dizeli, baba."

Fundi Mkuu alizima injini. Mimi nilishuka nikafungua boneti na kutoa plagi ya kwanza, ile inayowasha mafuta kwa cheche, ikinichoma vidole. Kwenye kaure nyeupe kulikuwa na vidoa vidogo sana vinavyong'aa. Fundi Mkuu aliviangalia, akasema ni mwanga wa jua tu. Hapo Mama Kulwa akatoa mkobani kilenzi anachotumia kukagulia dhahabu, akaishika plagi kama anavyoshika kipande cha mteja, akaigeuza mara mbili.

"Hii si dhahabu. Si masizi pia. Ni chuma cheupe kimeyeyuka. Kimetoka wapi?"

"Kwenye pistoni, mama," nilisema. "Injini inajila yenyewe."

Fundi Mkuu alikiomba kilenzi. Alitazama muda mrefu. Alipokirudisha alisema neno moja tu kwa Mama Kulwa: "Nisamehe." Kisha kwangu: "Tutarudi taratibu, bila turbo kuamka. Endesha wewe."

Siku mbili hakunipa kazi. Nilidhani ndio mwisho wangu pale. Nilipima mgandamizo wa silinda zote nane. Moja ilikuwa chini kidogo, lakini ilikuwa hai. Siku ya tatu alinikuta nafagia, kwa sababu nikiwa na wasiwasi nafagia.

"Acha hiyo. Nifundishe ule mlio."

Kulikuwa na pikapu kuukuu ya petroli ya karakana, ambayo hakuna aliyeijali. Tuliwahisha cheche zake kuliko inavyopaswa, kusudi igonge, tukaipakia mchanga, tukapanda nayo kilima kwa gia kubwa. Ilipogonga niliinua mkono. Mara ya kwanza hakusikia tofauti yoyote. "Mbona ni nzuri tu?" aliuliza, na tukacheka wote wawili. Tulipanda kilima kile wiki nzima. Ijumaa mkono wake ulipanda kabla ya wangu.

Tukarudi kwenye gari la Mama Kulwa. Springi laini. Cheche zikacheleweshwa. Matundu ya petroli ndani ya kabureta yakapanuliwa ili mafuta yaongezeke. Petroli ya chupa za barabarani tukaipiga marufuku. Fundi Mkuu alitaka kuona kurasa zangu tatu za mahesabu. Alizisoma amesimama, akaniuliza kwa nini sikumwonyesha mapema. Nikasema niliogopa kukosea. "Mimi niliogopa kitu hicho hicho," alisema, "basi tungeogopa pamoja."

Safari ya Ushirombo ilikuwa Jumamosi. Tulipopita Kahama, kwenye mwinuko, Fundi Mkuu aliondoa mguu ghafla na kusimama pembeni. Mimi sikuwa nimesikia chochote. Tukafungua plagi nane, moja baada ya nyingine, magari yakitupita na kupiga honi. Zote zilikuwa safi.

"Nilidhani," alisema.

"Afadhali, baba."

"Umeniambukiza ugonjwa wako, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Mama Kulwa alitusikiliza, akazunguka upande wa kushoto, akafungua mlango wa dereva. "Ninyi wawili mtanifikisha Krismasi. Ingieni." Akaendesha mwenyewe. Alikanyaga mpaka turbo ikapiga filimbi, na sisi tukakaa tumeinamisha vichwa, tukisikiliza, mpaka Ushirombo. Ndugu za marehemu walitoka nje wote. Bibi mmoja aliweka kiganja juu ya boneti ya moto, hakukiondoa haraka, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja." Fundi Mkuu aligeuka akajifanya anatafuta kitambaa.

Alistaafu mwezi uliofuata. Sasa anafuga ng'ombe, na anasema hawana plagi, anashukuru. Mimi nimekalia kiti chake, na wasiwasi haujanitoka. Bado nafika saa kumi na mbili na nusu. Nimebadilisha jambo moja tu. Kabla ya kuwasha injini yoyote tuliyoijenga, nawaambia wote waliopo, hata mteja, mlio gani ukisikika tusimame, na kwamba yeyote anaweza kusema "achia", bila kujali cheo wala umri. Mpaka leo wamenisimamisha mara tatu. Mara mbili walikosea. Nilishuka nikafungua plagi mara zote tatu.