Futari ya Jumamosi

Kanisa letu la Garissa lilikuwa na waumini wa kujaza lori moja, wengi wetu walimu, polisi na makarani tulioletwa na uhamisho, na tuliokuwa tukimwomba Mungu atupe uhamisho mwingine. Miaka ile ya tisini mtaa uliotuzunguka ulijaa wafugaji waliomalizwa na ukame, sasa wakiishi kwenye vibanda vya fito na mabati ya makopo. Tukaona tuwahudumie. Kila Jumamosi alasiri tulikwenda nyumba kwa nyumba, watu wanane, tukitafuta wenye kikohozi cha muda mrefu tuwapeleke hospitali wakapimwe kifua kikuu. Mahubiri tuliyaweka kando. Hakuna aliyekuwa ametuomba.

Tatizo lilikuwa chai. Kwingine husemwa mgeni siku ya tatu mpe jembe. Kwa Wasomali wale siku ya tatu unaongezewa maziwa. Tukiingia tu, mama mwenye nyumba alitoka kwa mlango wa uani, akarudi na sukari ya mkopo kwenye kikaratasi. Tulikunywa, maana kukataa ni tusi. Nyumba nne, chai nne. Mzee wa kanisa, mtu wa bara kama mimi na mpenda vitamu, alisema hajapata kuona watu wakarimu namna hiyo. Ilikuwa kweli. Tuliwahudumia maskini, nao wakazidi kuwa maskini kila Jumamosi.

Mjane mmoja hakutufungulia kamwe. Kikohozi chake tulikisikia tukiwa njiani, kirefu, cha kukata pumzi. Tukibisha hodi, kikohozi kinanyamaza. Mzee wa kanisa akaamua kwamba huo ni moyo mgumu, tukasimama juani tukamwombea ulainike. Mimi niliogopa. Baba yangu mdogo alikufa kwa kifua cha namna ile, na sauti ya mtu asiye na siku nyingi naijua.

Ramadhani ilipoingia tulisimamisha ziara kwa heshima ya wenyeji. Siku moja adhuhuri, nikitoka shuleni peke yangu, nilimsikia tena nikabisha kwa mazoea tu. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba sana, akanikaribisha mkekani kana kwamba tumetembeleana tangu zamani. Nikamuuliza mbona leo.

“Abaayo,” akasema, ndivyo wanavyomwita dada, “leo ni saumu. Leo hata mgeni hanywi. Siku ingine nyinyi watu nane, mimi kikombe moja.”

Nikamuuliza, na kifua je?

“Kifua ni ya Mungu. Aibu ni yangu.”

Nilitamani kumkaripia mtu, nikakosa wa kumkaripia. Nilimwomba, akakubali, na mchana ule ule tulikwenda hospitali sisi wawili. Ilikuwa kifua kikuu. Alipewa dawa za miezi mingi na onyo kwamba akiziacha katikati ugonjwa utarudi, na ukirudi utakuwa mkaidi zaidi.

Idi ilipopita, mzee wa kanisa alitaka twende wote wanane tukamtie moyo asiache dawa. Nilisema hana sukari. Tukienda atajificha, na akishaanza kutukwepa sisi, ataikwepa na hospitali. Mmoja akasema tubebe sukari yetu. Nikasema hiyo ni kumwambia tumemchungulia chungu chake. Ndipo mzee wa kanisa, ambaye sikuwa nimemtegemea kwa lolote, akakumbusha kwamba Wakristo nao hufunga. Jumamosi tufunge kweli kweli. Tukikaribishwa chai tuseme tumefunga, na hatutakuwa tumesema uongo. Siku hiyo nilimheshimu, jambo ambalo sikuwa na mazoea nalo.

Tukaenda na midomo mikavu. Jua la Garissa si la kufungia kwa utani. Alifungua mlango, akaona tulivyo wengi, uso ukamsawijika. Tukamwambia tumefunga. Akatutazama mmoja mmoja kuhakikisha, na midomo yetu ikatutolea ushahidi.

“Fizuri,” akasema. “Basi mtafuturu kwangu.”

Hilo hatukuwa tumelifikiria. Kumfuturisha aliyefunga ni thawabu kubwa kwao, na hakuna mwenye akili anayeikimbia. Kumwomba jirani sukari ya wageni asingeweza, hata kwa kufa. Lakini alitoka mlangoni akatangaza, bila haya hata kidogo, kwamba ana watu waliofunga. Kabla ya magharibi majirani walifika na tende, sambusa, birika na vikombe, kila mmoja akigombea sehemu yake ya thawabu. Hakuna aliyemletea yeye kitu. Wote waliwaletea waliofunga. Yeye alikaa katikati ya mkeka akigawa, mwenye nyumba kamili, akituamrisha tule. Adhana ilipolia, mzee wa kanisa alifumba macho akaomba kimyakimya, kisha akala tende nyingi kuliko sisi sote.

Nilikuwa na furaha, na nilimwonea uchungu kwa Jumamosi zote zile alizokibana kikohozi nyuma ya mlango. Aliponipa kikombe nilitaka kumuuliza kama bado anakwenda hospitali, lakini aliniwahi.

“Dawa nameza yote, abaayo,” akasema. “Siwezi kufa. Jumamosi niko na wageni.”

Tulifunga kila Jumamosi mpaka dawa zake zikaisha.