Msimu Mama Alipokaanga Samaki wa Wizi

Harufu ya samaki ndani ya mafuta moto hunitia njaa na hofu kwa pamoja, na hofu ndiyo hutangulia. Nilikulia Waithaka, Nairobi, kwenye nyumba za mabati za kupanga, ambako mama alikaanga samaki mlangoni kila jioni. Samaki hao alitumiwa na dada yake, mama mdogo Akinyi, aliyekuwa kwenye kamati ya wavuvi huko ziwani. Mvua ndefu zikianza, kamati ilifunga ziwa ili samaki wazae, na Akinyi hakutuma hata mkia. Bandu bandu huisha gogo, alituambia. Miezi hiyo mama aliuza maandazi, akinung'unika lakini akitii.

Mwaka ule baba alikosa kazi ya mjengo, na maandazi peke yake hayakututosha. Mama akanunua samaki kwa mwanamume asiyemjua, wanono, tena rahisi ajabu. Jua halijazama, karai lilikuwa tupu. Mdogo wangu Ouma, aliyekuwa hata hajaanza shule, alifyonza kichwa kizima. Mimi sikupata kitu, nikanuna. Ndipo simu ikalia. Akinyi alikuwa akipiga kelele hadi nami nikamsikia: watu wameingia ziwani kwa siri, wamevua kwa dawa ya kuua wadudu, na watoto wamelazwa hospitalini. "Samaki wamepandishwa Nairobi, dada! Usiguse hata mmoja!"

Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini haki ya Mungu, mama hakuwa na tamaa. Alikuwa na watoto wenye njaa. Baba alimbeba Ouma mbio hadi zahanati. Mama akanishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma, tukaanza kubisha mlango kwa mlango. Niliogopa kila mlango. Kwa Mama Wambui, mwenye nyumba wetu, tulikuta familia nzima mezani. Kwao samaki hakuwahi kupikwa tangu enzi za nyanya yake. Yeye alijifunza kumla kwenye karai letu. "Msile!" mama alilia. "Wamevuliwa kwa sumu!" Mama Wambui alitazama mifupa kwenye sahani za wanawe. "Ngai! Mama Ouma, umenimalizia watoto?" Mimi nilijikojolea pale pale, na hakuna aliyenicheka.

Ouma alitapika usiku kucha, kisha akapona. Kwa Mama Wambui hakuna aliyeugua. Hadi leo sijui kama samaki wetu ndio waliokuwa na sumu. Tangu siku hiyo, ziwa likifungwa, mama alisafisha karai akalificha chini ya kitanda, na tulilala na uji mwepesi bila kulalamika.

Sasa naishi Mutuini, nina mtoto wangu. Kwenye maduka ya mtaa wa Karen samaki wapo mwaka mzima, wameganda kama matofali, mvua inyeshe isinyeshe. Juzi nilimuuliza muuzaji wametoka maji gani. "Madam, si samaki ni samaki tu?" Watu kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka nao. Utotoni kulikuwa na mtu ziwani aliyejua samaki walivuliwaje, na alikuwa na namba yetu. Sasa nikimwekea mwanangu kipande kwenye sahani, hakuna mtu hata mmoja wa kunipigia simu.