Niliposa kwa Mshahara wa Juu

Kila mwisho wa mwezi, dirisha langu katika kiwanda cha mbegu hapa Kitale hujaa watu wenye malalamiko. Mimi ndiye Muturi wa mishahara. Hufika wameshika payslip, karatasi ya mshahara, kwa vidole viwili, nami huwasomesha kwa upole ambao, nikisema kweli, una majivuno ndani yake.

"Muturi, hii nyumba ninakatwa kila mwezi iko wapi?" huuliza Kipsang, dereva wa lori letu. "Hata mlango sijaonyeshwa."

Namweleza. Hii ni ya nyumba za serikali, asilimia moja na nusu. Hii ni ya matibabu, inaenda SHA. Hii ya NSSF ni yako ya uzeeni. Hizo zikishatoka, kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi, yaani PAYE, na hata kwenye kodi yenyewe unasamehewa elfu mbili na mia nne. Kisha namalizia kwa mahubiri yangu: "Mshahara wa juu, kabla ya makato, ni wa kuangalia. Panga maisha na ule wa chini." Nimeyasema hayo hadi Kipsang huyamaliza kabla yangu.

Mtu mwenye mahubiri kama hayo ungetarajia awe na akili.

Mwaka jana nilienda Kabuchai, upande wa Bungoma, kuposa. Lorraine wangu ni mwalimu Kimilili, na nampenda kiasi kwamba nikiwa naye hata hesabu hunipotea. Mjomba wangu Wahome alikuja kunisemea. Baba ya Lorraine, Mzee Bramwel, mkulima wa miwa, alikuwa ameketi na ndugu zake watatu. Mama mkwe, ambaye kwa mila yao sikupaswa kukaa naye chumba kimoja, alikuwa jikoni, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

Tuliposhiba, mmoja wa wazee akauliza, "Na huyu kijana, kwani anapata ngapi huko Kitale?"

Jibu la kweli lilikuwa elfu arobaini na nne baada ya serikali kuchukua yake, na ishirini na tano baada ya mkopo wa chuo na ule wa sacco nilionunulia pikipiki. Lakini niliwatazama wale wazee, nikatazama na lile dirisha, kifua kikanijaa.

"Hamsini na nane," nikasema.

Haukuwa uongo. Iko kwenye payslip yangu, mstari wa juu kabisa, na niliichapa kwa mikono yangu. Huko jikoni mtu akapiga kigelegele kidogo. Nilijiona nimerefuka.

Wazee wakapiga hesabu papo hapo. Mahari iwe ng'ombe kumi na watatu, wageuzwe pesa, nilipe elfu ishirini kila mwezi hadi waishe. "Ubaki na thelathini na nane ya kutunza mtoto wetu," wakasema. Mjomba Wahome akanitupia jicho aone kama nitapinga. Nikatabasamu kama mheshimiwa aliyeombwa mchango. Tungerudi mwezi wa tatu kufunga maneno, ndipo siku ya harusi itajwe.

Nikarudi Kitale kujifunza kuishi kwa elfu tano ambazo zingebaki. Niliacha chai ya saa nne. Nilichora bajeti kwenye kompyuta ya kazini, nikaipanga na kuipangua, na hata humo kwenye kompyuta nilikuwa nakufa njaa kabla ya katikati ya mwezi.

Kisha Lorraine akaja kunitembelea na payslip yake ya kwanza, maana alikuwa ametoka kuajiriwa kwa kudumu. "Nifundishe," akasema. "Nilidhani wamekosea."

Nikamfundisha mstari kwa mstari, kalamu ikiwa sikioni. Nilinoga sana. Nikamalizia na mahubiri. Akaitazama tena ile karatasi.

"Kwa hivyo hata yako inakatwa."

"Kila mtu anakatwa."

"Hamsini na nane ni ya juu ama ya chini?"

Nikaanza kutafuta kalamu, na kalamu iko sikioni. Lorraine hakupaza sauti. "Utaenda umwambie baba mwenyewe," akasema. "Siwezi kuolewa na mtu analala njaa ndio wazee wetu wamsifu."

Hapo niliogopa kweli. Habari ya ng'ombe ilinitoka kabisa kichwani. Niliogopa kwamba ataniacha, na kwamba atakuwa na haki.

Mwezi wa tatu ulipofika, nilimwomba mjomba Wahome aniachie niseme. Nikasimama mbele ya wazee wale wale na kueleza makato yangu kama niko dirishani, ila safari hii bila mahubiri. "Mzee, niliwatajia ya juu kwa sababu ya kuringa. Kinachonifikia ni hiki hapa chini."

Mzee Bramwel akaichukua payslip yangu, akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akampa ndugu yake.

"Mimi nikipeleka miwa," akasema, "naambia watu tani. Wakishatoa pesa ya trekta, ya mbolea, ya kukata, ya kubeba, ile inabaki sijawahi ambia mtu. Hata mama ya Lorraine hajui."

Dirisha la jikoni likakohoa.

"Na hata hizo ng'ombe tulikutajia zilikuwa za juu. Tulingoja mpinge, bana. Hamkupinga. Tukasema, kumbe watu wa Kitale wako na pesa."

Mjomba Wahome alinitazama kwa namna ambayo bado inaniuma. Tukashuka pamoja nao hadi ng'ombe sita, nilipe elfu saba kwa mwezi, pamoja na blanketi la shangazi yake Lorraine ambalo, niliambiwa, halipunguzwi na mtu. Harusi ikapangwa Desemba.

Walitusindikiza hadi langoni, Lorraine akiwa kando yangu. Jirani mmoja alikuwa akipita na baiskeli iliyobeba nyasi za ng'ombe. Mzee Bramwel akanishika bega. "Huyu ndiye mkwe wetu," akamwambia. "Yuko Kitale, anapata hamsini na nane."

Nikafungua mdomo. Mzee akalibana bega langu, nikaufunga.

"Wacha aseme," Lorraine akaninong'oneza. "Nyumbani kwetu tutatumia ya chini."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema nyumbani kwetu bila kumaanisha Kabuchai.