Kitambaa Nilichokataa Kuvua

Sifa ni zake Mungu, aliyezihesabu nywele zangu zilipokuwa nyingi na anayezihesabu hata sasa ambapo kazi yenyewe imekuwa ndogo. Amenitunza miaka zaidi ya hamsini. Nayaandika haya mbele zake kwa sababu nilimsingizia.

Nywele zilianza kunitoka mwaka ule hedhi ilipokoma. Kwanza niliziona kwenye kitana, kisha kwenye mto, kisha siku moja nikainamisha kichwa mbele ya kioo nikaona utosi unang'aa. Muuguzi wa zahanati aliniambia, "Mama, ni umri huo. Huwapata wengi, hawasemi tu." Nami nikawa mmoja wa wasiosema. Nilipaka mafuta ya nyonyo, nikapaka maji ya kitunguu mpaka mume wangu akauliza kama napika mchuzi kichwani. Mwishowe nikajifunga kitambaa, tangu asubuhi hadi kulala. Kanisani walikiona kuwa ni kitambaa cha unyenyekevu, maana mimi ndiye ninayefundisha darasa la ubatizo. Sikuwasahihisha.

Msimu wa kuvuna pamba, kaka yangu akafariki kule kijijini Ngulyati. Kwetu, matanga yanapoisha, wafiwa hunyolewa nywele, na dada wa marehemu hutangulia. Asubuhi hiyo tulikaa uani chini ya turubai, wanawake wa ukoo wote. Shangazi yetu alikuwa na wembe mpya mkononi na beseni la maji miguuni.

"Mayu, sogea," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Vua hicho kitambaa."

Niliwaza macho yale yote juu ya utosi wangu. Mdomo ukatangulia.

"Shangazi, imani yangu hainiruhusu. Hizi ni mila, na mimi nimeokoka."

"Imani gani hiyo? Mama yako alibatizwa kabla hujazaliwa, na alipofiwa na baba yako nilimnyoa kwa mkono huu huu."

"Mwache," mmoja akadakia nyuma. "Nywele za mwalimu ni za mbinguni, zinasubiri taji."

Wakacheka chinichini. Wifi yangu, mjane mwenyewe, hakucheka. Alisema polepole, "Kaka yako aliuza ng'ombe ili ukasome Biblia. Leo unamnyima nywele?"

Nikakaza fundo la kitambaa. Binti zake wawili, ambao kila Jumapili walikuja kwenye darasa langu la ubatizo, walitazamana. Zamu yao ilipofika wakasema kama mwalimu hanyoi, nao hawanyoi. Wifi akanyolewa bila binti zake, machozi yakichanganyika na maji ya sabuni.

Zamani kila siku ya mnada wifi alikuwa akija Bariadi mjini, ninakoishi, na kuacha kapu lake kwangu. Baada ya msiba nilimwona akipita barabarani na kapu kichwani, hakugeuka. Ndipo nikaanza kufikiri vizuri. Pale uani, dakika chache tu baada ya kuvua kitambaa, ningekuwa kama wenzangu wote. Nilikimbia mahali pekee ambapo upara wangu usingekuwa na tofauti na wa mtu mwingine, na nilipokimbia nilijificha nyuma ya Mungu.

Nikaenda Ngulyati. Nilimkuta wifi amekaa kwenye mkeka akichambua pamba, safi upande huu, chafu upande ule.

"Mwangaluka, wifi."

Aliitikia salamu bila kuinua macho. "Umekuja kutuombea sisi watu wa mila?"

Nilipiga magoti nikavua kitambaa. "Imani haikukataza kitu. Nilikuwa naficha hiki."

Aliweka pamba chini. Kisha akanigusa utosi, vidole vikiwa na nyuzi za pamba.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Kaka yako alijua?"

"Hakujua."

"Angekucheka mpaka jioni," akasema, na hapo akalia. Alipomaliza kulia akakasirika. "Ningekunyoa ndani, mlango umefungwa! Ilikuwa kuniambia tu!" Akainuka, akatoa wembe uliochomekwa juu ya mlango. "Kaa vizuri. Na Jumapili utawaambia wale wanangu. Hapo sitakusaidia."

Jumapili nilisimama mbele ya darasa, kichwa wazi, nikasema nilivyodanganya na kwa nini. Hakuna aliyecheka, ningeona afadhali wangecheka. Binti mkubwa wa kaka yangu akanyoosha mkono.

"Sasa sisi tunyoe, mwalimu? Au kwa baba tumeshachelewa?"

Nimewafundisha watu wengi kujibu maswali ya imani. Hilo nililikwepa kwa kutazama sakafu, na mpaka leo sijamjibu. Jioni ile walinyoana wao kwa wao nyumbani kwa mama yao. Nilisikia baadaye, sikuitwa.

Wewe unayesoma, Mungu akusitiri pale unapoona haya, na akuzuie usije ukajisitiri kwa jina lake. Akubariki kichwa chako, kikiwa na nywele au bila nywele.